Malisho Yenye Uchungu: Ardhi, Mifugo na Kemikali za Mimea kati ya Butembo na Beni

Hakuna mmea unaoota ili uliwe. Kwa kuwa hauwezi kukimbia, mmea hujilinda kwa uchungu, kwa harufu au kwa sumu. Wanakemia huziita silaha hizo kwa majina yao: alkaloidi, tanini, saponini, glikosidi. Mfugaji huzijua kwa matendo yake: jani hili hunenepesha, lile huvimbisha tumbo, lile huharibu mimba, na lile chungu kupita yote huteremsha minyoo. Lakini mnyama anapokufa malishoni, kulilaumu jani peke yake ni kuiacha nusu ya kesi. Katika nyanda za juu za Kivu ya Kaskazini, nchini Kongo, historia ya kemikali za malisho haitengani na historia ya ardhi: nani alipewa, nani aliondolewa, na mifugo ilibakiwa na nini cha kula.

Barabara itokayo Beni, mji ulio takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hupanda kuelekea kusini hadi Butembo, zaidi ya mita 1,700. Ni kama kilomita 55 tu, lakini mimea hubadilika kabisa. Mashariki chini kuna bonde la Semliki lenye joto na nyasi ndefu za mbuga, na nyuma yake unasimama mlima Ruwenzori. Magharibi ulikuwa msitu mtupu. Juu, kuelekea Lubero, kuna vilima vya baridi vilivyokatwa miti zamani, ambako nyasi hupigania nafasi na kangaga.

Wanande, au Wayira, wenyeji wa vilima hivyo, ni wakulima kwanza, lakini mbuzi hawakukosekana nyumbani. Mahari ilihesabiwa kwa mbuzi, na chumvi ilifuatwa mbali, ng'ambo ya mpaka wa leo, kwenye ziwa la Katwe. Jamii inayomthamini mnyama kiasi hicho haikosi kujua anachokula. Na elimu ya sumu ilikuwamo hata jikoni. Majani ya muhogo yana linamarini, glikosidi iliyobeba sianidi. Jani likiwa zima, linamarini na kimeng'enya kinachoivunja hukaa vyumba tofauti. Mama anapoyatwanga kuwa sombe, kuta za vyumba hivyo huvunjika, viwili hivyo hukutana na sianidi hutoka. Kinachosalia huondoka kwa maji na kwa kuchemsha chungu bila kifuniko. Mbuzi naye ana kinu chake, ila kinu hicho kimo tumboni: kutafuna ndiko kutwanga, na sianidi haina pa kutokea isipokuwa damuni.

Mtama unaochipua hufanya hivyohivyo. Mwaka 1902 wanakemia wa Uingereza, Dunstan na Henry, waliitenga sumu yake kutoka kwa mtama wa Misri, wakaiita durini kwa jina la Kiarabu la mtama, dhura. Walieleza kwa kemia jambo ambalo wafugaji wa Afrika walikuwa wakilikwepa siku zote: shamba la mtama mchanga, hasa uliochipua upya baada ya ukame au kukatwa, ni hatari kwa ng'ombe mwenye njaa, ilhali mtama uliokomaa unalisha bila shida. Sumu hiyo ina msimu wake, na anayeujua msimu ana nusu ya kinga.

Kisha ukoloni ukaja na ramani. Mwaka 1925 serikali ya Ubelgiji ilianzisha Hifadhi ya Taifa ya Albert, ambayo leo ni Virunga, ikaipanua mwaka 1929 na tena mwaka 1935. Sehemu za mbuga karibu na ziwa Edward na za bonde la Semliki zikawa ndani ya mpaka. Ugonjwa wa malale nao ulitumika kuwahamisha watu kutoka bondeni. Wakati huohuo kampuni ya madini Minière des Grands Lacs ilikuwa ikikusanya wafanyakazi, na kambi yake ikawa chimbuko la mji wa Butembo mwishoni mwa miaka ya 1920. Walowezi wakachukua ardhi kwa kahawa na ng'ombe kwenye vilima vya Lubero. Watu wakabanana juu, na mifugo pamoja nao.

Ndani ya hifadhi, wataalamu waliandika mimea kwa bidii kubwa. Jean Lebrun alifanya safari yake ya utafiti mwaka 1937 na 1938, akachapisha mwaka 1947 kitabu kuhusu uoto wa tambarare iliyo kusini mwa ziwa Edward. Walter Robyns alitoa juzuu tatu za mimea ya hifadhi nzima, mwaka 1947, 1948 na 1955. Kazi hizo zina thamani hadi leo. Lakini zilikuwa elimu ya majina: mmea upi, wa ukoo upi, unaota wapi. Mmea unamfanyia nini mbuzi wa Mnande aliyezuiwa nje ya mpaka lilikuwa swali la mtu mwingine.

Maabara zilifuata soko. Kwinini ya mkwinini, piretrini za pareto na papaini ya utomvu wa mipapai ya upande wa Beni zilikuwa na wanunuzi Ulaya, kwa hiyo zilipata mashamba, vituo vya utafiti na barabara. Kemikali za malisho hazikuwa na mnunuzi. Zilichunguzwa kwingine, pale ng'ombe wa matajiri walipokufa. Monokrotalini, sumu ya ini iliyomo katika baadhi ya mimea ya jenasi ya marejea, ilitengwa Marekani mwaka 1935. Indospisini, inayoharibu ini na mimba, ilitambuliwa Australia katika miaka ya 1960 kutoka Indigofera spicata, mmea ambao asili yake ni Afrika na ulisambazwa katika nchi za joto kama malisho na kifunika udongo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni kangaga (Pteridium aquilinum), anayejaa kwenye miteremko iliyoungua. Moto hauui shina lake, kwa sababu limelala chini ya udongo. Nyasi zikiwa bado majivu, yeye huchomoza kwanza, machipukizi yamejikunja ncha, laini na mabichi. Ndiyo yenye sumu nyingi kuliko majani makavu. Farasi akila kangaga kwa wiki kadhaa huishiwa vitamini B1, kwa kuwa mmea una kimeng'enya kinachoivunja. Ng'ombe huharibika uboho, akavuja damu. Akila kidogokidogo kwa miaka, hupata uvimbe kwenye kibofu na kukojoa damu. Ilichukua hadi mwaka 1983 kwa watafiti wa Japani na wa Uholanzi, kila kundi kwa njia yake, kuitenga kemikali inayohusika zaidi, ptakwilosidi. Baadaye ilithibitika kwamba inapita hata kwenye maziwa.

Ng'ombe mwenye nyasi za kutosha kwa kawaida humpita kangaga. Anayemla ni yule aliyekosa kingine: ukame umepiga, kilima kimechomwa mara nyingi mno, au malisho yamegeuzwa shamba. Kangaga hujaa palipokatwa msitu na kurudiwa na moto, na ndipo mifugo hubaki pale inapokosa pengine. Jambo la namna hiyo limeonekana pia ng'ambo ya mpaka, Ankole nchini Uganda. Huko omuteete, nyasi yenye mafuta ya harufu kali ambayo ng'ombe huikataa, huenea kadiri nyasi tamu zinavyoliwa hadi kumalizika. Kinachokataliwa ndicho kinachorithi uwanja.

Siyo kila uchungu ni adui. Novemba 1987, katika milima ya Mahale upande wa Tanzania wa ziwa Tanganyika, Michael Huffman wa Chuo Kikuu cha Kyoto na Mohamedi Seifu Kalunde, mganga wa Kitongwe aliyekuwa mwenzake katika utafiti, walimfuata sokwe jike aitwaye Chausiku, aliyekuwa mgonjwa. Alikata matawi machanga ya Vernonia amygdalina, mti ambao Watongwe wanauita mjonso na Wanyarwanda umubirizi. Akatupa majani na ganda, akatafuna kiini na kumeza maji yake machungu. Siku iliyofuata alikuwa amepata nguvu. Uchunguzi wa maabara ulieleza uangalifu wake: majani na ganda vina vernodalini nyingi, ambayo ni sumu, wakati kiini kina vernoniosidi, zenye ukali wa kiasi dhidi ya vimelea. Watongwe hutumia mti huohuo kwa homa na tumbo. Mti huo unaota pia Kivu, na wafugaji wa eneo la Maziwa Makuu huwapa mifugo wenye minyoo.

Kivu yenyewe ilipata wataalamu wake. Taasisi ya utafiti ya IRSAC, iliyoundwa mwaka 1947 na kuweka makao yake Lwiro karibu na Bukavu, iligeuka baada ya uhuru kuwa kituo cha taifa, CRSN. Kutoka huko Kusamba Chifundera alichapisha mwaka 1998 utafiti kuhusu magonjwa ya mifugo na tiba za jadi za eneo la Bushi, katika jarida la Chuo Kikuu hichohicho cha Kyoto. Butembo nayo, tangu mwaka 1989, ina Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kilichozaliwa chini ya askofu Emmanuel Kataliko.

Elimu ya mimea ya malisho na sumu zake inahitajika leo kuliko jana. Tangu Oktoba 2014 mauaji katika eneo la Beni yamewafukuza watu wengi vijijini, na mashamba ya mbali yamekuwa hayafikiki. Mbuzi anafungwa kamba kando ya nyumba au barabara. Mbuzi huru huonja huku, huacha kule, akachanganya tanini na sukari, chungu na tamu, kiasi kwamba hakuna sumu moja inayofikia kipimo cha kumuua. Mbuzi wa kamba anamaliza duara lake. Likiwa na mnavu, lantana au kangaga, atavila siku ya tatu alivyovikataa siku ya kwanza.

Kwa sababu hiyo, orodha ya mimea yenye sumu haitoshi, hata ikitafsiriwa kwa Kinande na kubandikwa katika kila soko. Daktari wa mifugo anayeulizwa kwa nini mnyama amekufa anapaswa kwanza kuuliza kamba ilikuwa na urefu gani, kilima kilichomwa lini, na malisho ya zamani yako mikononi mwa nani. Majibu ya maswali hayo hayapatikani maabara. Wanayo wazee waliochunga kabla ya vita, na wakiondoka nayo, kila kizazi kitajifunza upya kwa mizoga.