Waliofuata Gari la Vyombo

Chukua ramani ya Tanzania ya darasani na penseli. Tia alama palipolimwa pamba, kuanzia Mwanza hadi Shinyanga. Tia nyingine kwenye kahawa ya Moshi na Bukoba, na nyingine kwenye korosho za Lindi, Masasi na Newala. Kisha mtafute mzee aliyepiga gitaa katika bendi ya dansi miaka ya 1970, umuulize walikuwa wakizuru wapi na miezi gani. Wazee niliozungumza nao walinirudishia alama zangu moja baada ya nyingine, pamoja na misimu yake. Bendi ilikwenda kwenye pesa, na pesa ya mkulima haikai mwaka mzima. Kwetu kusini ilianza kuonekana Oktoba, korosho zinapopimwa, na ikifika Februari imeshakuwa hadithi.

Nasoma shahada ya uzamili katika historia, na tasnifu yangu inahusu muziki wa dansi. Kuhusu bendi zenyewe maandishi yapo, na mengine ni mazuri sana. Tunajua kwamba Dar es Salaam Jazz ilianza mwaka 1932 na Morogoro Jazz mwaka 1944. Tunajua kwamba Mbaraka Mwinshehe alipiga Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya mwaka 1970, na kwamba alifariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979. Tunajua nani alihama bendi ipi na nani alimfuata. Waliosimama chini ya jukwaa wanapewa neno moja tu: umati. Umati hauna jina wala nauli. Umati haujaacha mke nyumbani.

Kwetu Chiungutwa, wilayani Masasi, umati una sura ya babu yangu mzaa mama. Mwishoni mwa miaka ya 1970, msimu wa korosho, aliondoka nyumbani kwa baiskeli kwenda Masasi mjini kuangalia dansi usiku mmoja. Alirudi baada ya wiki tatu na ushei, kwa miguu, bila baiskeli.

Bendi ilikuwa ipi, sitasema. Nikiitaja, nusu ya wasomaji wenye wazazi wa rika lile watafunga ukurasa huu. Wanaodhani natania hawajawahi kukaa meza moja na mpenzi wa Sikinde na mpenzi wa Msondo.

Ili kumwelewa mtu wa namna hii, inabidi kwanza kuelewa jinsi muziki ulivyokuwa adimu. Tumezoea wimbo unaokaa simuni. Wakati ule bendi nyingi zilikuwa mali ya mashirika: NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Urafiki ilikuwa ya kiwanda cha nguo, Polisi, Magereza na JKT walikuwa na zao. Vyombo vilikuwa vya mwajiri, na wapiga muziki walikuwa waajiriwa wenye mshahara. Kurekodi kulifanyika Radio Tanzania, na kanda zikabaki huko huko. Kiwanda cha kutengeneza sahani za santuri hakikuwepo nchini. Sahani zilitoka Kenya. Februari 1977 mpaka ukafungwa, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka huo huo, na njia ile nayo ikaziba. Kwa mkulima wa Masasi wimbo mpya ulikuwa na milango miwili: redio, ikiamua kuupiga, na bendi yenyewe, ikiamua kuja.

Na kuja kusini haikuwa safari ndogo. Daraja la Mto Rufiji limefunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo kulikuwa na kivuko cha Ndundu, na masika yakipamba moto barabara ilikuwa jina tu. Watumishi wa serikali waliopangiwa mikoa yetu walilia kama wamefungwa. Kwa hiyo gari la vyombo lilipotokea kweli, limejaa vumbi, spika zimefungwa kamba juu, lilikuwa ni ugeni wa aina ambayo haikujulikana itarudi lini. Mtu akisikia wimbo Jumamosi Masasi, na akajua kwamba keshokutwa utapigwa Ndanda, kisha Nachingwea, kisha Lindi, na baada ya hapo hautasikika tena labda mpaka korosho za mwakani, hesabu yake si ngumu sana. Babu alibeba spika. Aliyebeba spika aliingia bure.

Pamoja na spika alibeba daftari, lile la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Humo aliandika mahali, nyimbo kwa mpangilio zilivyopigwa, na nyota ndogo pembeni kwa wimbo ambao redio ilikuwa haijautoa. Jenereta ilipozimika aliandika pia. Kinachonifanya nilale na picha za kurasa hizo ni jambo moja: kuna wimbo wenye nyota ambao aliandika maneno yake Nachingwea, akayaandika tena Lindi, na ubeti wa pili si ule ule. Mwimbaji alikuwa anaurekebisha njiani. Tumezoea kusema wimbo wa dansi ulizaliwa studio ya Radio Tanzania, kwa sababu huko ndiko kanda iliko. Hapa naona wimbo ukikua kwenye vumbi, mbele ya watu waliokuwa wakiitikia au kunyamaza, na mwenye wimbo akiwasikiliza. Umati ulikuwa unahariri.

Bibi hakubaliani na shauku yangu hata kidogo. Pesa aliyoondoka nayo Babu ilikuwa ya korosho za msimu mzima, za mashamba ya wote wawili, na ilikuwa imeshapangiwa kazi: mabati ya nyumba. Nyumba ikabaki ya nyasi. Iliezekwa bati mama yangu akiwa tayari msichana mkubwa, na katika familia neno "kufuata bendi" mpaka leo linamaanisha kutapanya cha wenzako.

Lakini siku nilipomuuliza kama yeye hakuwahi kufuata muziki, alicheka mpaka akaweka ungo chini.

"Mjukuu wangu, sisi tulilala njiani kwa ajili ya ngoma. Midimu ikicheza kijiji hiki leo, kesho tuko kile kingine. Nani alituita wahuni? Ngoma tulipikiwa, tukapewa na pa kulala."

Hapo alinipa sura nzima ya tasnifu bila kujua. Kufuata ngoma ni jambo la zamani sana kwenye uwanda wa Makonde na mabonde yake. Baada ya mavuno, wakati wa jando na unyago, wachezaji wa vinyago wanatembea na watu wanatembea nyuma yao. Na tukipanua macho, pwani nzima ilikuwa na beni tangu miaka ya 1890: Marini upande huu, Arinoti upande ule, wenye sare, ngoma za kijeshi na vyeo vya kujipachika, wakizuru miji ya wenzao, wakishindana na kulishana. Vita Kuu ya Kwanza, ambayo ilimalizikia huku kwetu baada ya mapigano ya Mahiwa Oktoba 1917 na Wajerumani kuvuka Ruvuma mwezi uliofuata, ilisambaza beni pamoja na askari na wapagazi. Maofisa wa Kiingereza waliitilia shaka, maana watu waliokuwa wakisafiri kwa ajili ya ngoma walionekana wana mtandao kuliko serikali.

Wenye bendi walijua wametoka wapi. Sikinde ni jina la ngoma ya Wazaramo. Msondo ni ngoma ya unyagoni. Kwa hiyo Babu alifuata gitaa lililovaa jina la ngoma, akarudi akaitwa mhuni. Bibi alifuata ngoma yenyewe, akarudi mwali mwenye heshima. Tofauti, kwa jinsi ninavyoisoma, ni kiingilio. Ngoma ilimlisha mgeni kutoka ghala la kijiji. Dansi lilikula kutoka mfukoni mwake, na mfuko ule ulikuwa wa watu wawili.

Huko Marekani walikuwepo wafuasi wa Grateful Dead, bendi ya California iliyoanza 1965 na kukoma 1995 alipofariki Jerry Garcia. Waliacha kazi na masomo, wakaifuata mji kwa mji, wakaandika orodha za nyimbo kama Babu. Mwaka 1984 bendi ikawatengea sehemu maalum ya kusimamisha maikrofoni zao. Mwaka 2008 kumbukumbu za bendi zilikabidhiwa Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz. Daftari la Babu lilikabidhiwa dirishani, na wajomba zangu walivuta karibu nusu yake. Karatasi ya daftari, nimeelezwa, inasokota tumbaku vizuri kuliko gazeti.

Ziara zenyewe hazikudumu. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna korosho tani 145,000 hivi. Mwaka 1986/87 hazikufika 20,000. Watu walikuwa wamehamishiwa vijiji vipya na mikorosho ikaachwa mbali, bei ilikuwa haimshawishi mtu kupalilia, na ubwiriunga ukamalizia. Sina haja ya nadharia kueleza kwa nini magari ya vyombo yaliacha kuja. Korosho zilipopanda tena, wasanii nao wakarudi, safari hii wa Bongo Fleva. Novemba 2018 tamasha la Wasafi lilianzia Mtwara, siku chache baada ya Rais Magufuli kuagiza korosho zote zinunuliwe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi lizisombe. Wakulima wengi walikuwa bado hawajalipwa. Binamu yangu alikwenda kwa bodaboda ya mkopo na hakuna aliyemwita mhuni, labda kwa sababu alirudi asubuhi, na baiskeli ya urithi haikuwepo tena ya kuuza.

Ndiyo, baiskeli iliuzwa Lindi. Iko kwenye daftari, mstari mmoja, chini ya orodha ya nyimbo kumi na nne: "Nimeuza baiskeli. Kesho wanapiga tena."

Nilimwomba Bibi daftari nilipeleke chuoni likahifadhiwe vizuri. Alilifunga kwenye khanga, akaliweka nyuma yake. Chuo kikilitaka, alisema, kilete mabati. Alitaja na idadi, ishirini na nne, geji nene. Kwa sasa ninaruhusiwa kupiga picha barazani, yeye akiwa amekaa pale pale, kurasa tatu kwa siku. Nimefika ukurasa wa thelathini na moja.