Madaraka Hulevya: Neno Hili Kwao ni Wapi?

Somo: 2 Samweli 12:1–9



Kuna neno ambalo kila mtu analijua. Akitajwa mkubwa aliyekula mali ya umma, au mwenyekiti wa ushirika aliyeuza kahawa ya wakulima na fedha zikaishia mfukoni mwake, hakosekani mtu wa kutikisa kichwa na kusema: madaraka hulevya. Nao waliosoma vitabu wana ndugu yake neno hilo, aliye mrefu zaidi: kwamba mamlaka huharibu, na mamlaka yasiyo na mpaka huharibu kabisa. Leo twataka kulifuata neno hili refu hadi kwao. Wengi hudhani lilizaliwa bungeni, katika ugomvi wa wanasiasa. Sivyo. Lilizaliwa katika barua, na barua ile iliandikiwa kasisi wa Kianglikana, kwa habari ya historia ya Kanisa.

Mwandishi alikuwa Lord Acton, Mwingereza na Mkatoliki, aliyezaliwa Naples mwaka 1834. Alipokuwa kijana vyuo vya Cambridge vilimkataa kwa sababu ya dini yake, akaenda kusoma Munich. Mwaka 1870 maaskofu walipokutana Vatican na kutangaza kwamba Papa hakosei anapofundisha imani kwa mamlaka ya kiti chake, Acton alikuwa mmoja wa waliolipinga jambo hilo kwa nguvu. Hata hivyo hakulihama kanisa lake mpaka alipokufa mwaka 1902.

Mwandikiwa alikuwa Mandell Creighton. Huyu alikuwa mchungaji wa parishi ya mashambani, Embleton, kaskazini mwa Uingereza, na huko ndiko alikoanza kuandika historia ndefu ya mapapa. Mwaka 1884 akaitwa Cambridge kufundisha historia ya Kanisa. Vitabu vingi husema barua ile ilikwenda kwa “Askofu Creighton”, lakini uaskofu aliupata baadaye, mwaka 1891. Mwaka 1887 vikatoka vitabu vyake viwili zaidi juu ya mapapa, naye, akiwa mhariri wa jarida la wanahistoria, akamwomba Acton avipime. Acton akavipima kweli kweli.

Hapa ndipo penye ajabu. Mngetazamia Mprotestanti awashambulie mapapa na Mkatoliki awatetee. Ilikuwa kinyume. Creighton alikuwa mpole mno kwao. Aliona kwamba wakubwa wale walibeba mizigo mizito, kwamba nyakati zao hazikuwa kama zetu, na kwamba si vema kuwahukumu kwa haraka. Acton akakataa katakata. Katika barua ya Aprili 1887 alimwambia kwamba Papa na mfalme hawastahili kudhaniwa vema kuliko watu wengine. Ikiwa lazima tumdhanie mtu vibaya, basi tumdhanie aliye na mamlaka, na zaidi kadiri mamlaka yake yanavyokua. Hakuwahurumia Waprotestanti pia: aliwataja Malkia Elizabeth wa Kwanza na Mfalme William wa Tatu pamoja na damu iliyo juu yao. Watu wa namna hii, alisema, angewatundika juu kuliko Hamani. Na uzushi ulio mbaya kupita wote kwake ulikuwa huu: kudhani kwamba cheo humtakasa mwenye cheo.

Basi neno letu limo humo, katikati ya hoja hiyo. Nalo limekatwa mkia na watu. Acton hakusema mamlaka huharibu, basi. Alisema yana mwelekeo wa kuharibu, kama maji yanavyoelekea bondeni. Uharibifu usio na shaka aliuweka kwa mamlaka yasiyo na mpaka. Wala hakuwa wa kwanza. William Pitt mzee alikwisha kusema karibu hivyo hivyo katika Baraza la Malodi mwaka 1770.

Haifai tumfanye Acton mtakatifu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokwisha, alimwandikia Jenerali Robert E. Lee, mwezi wa Novemba 1866, akiomboleza kushindwa kwa majimbo ya Kusini. Aliogopa mamlaka ya serikali kuu. Mamlaka ya bwana juu ya mtumwa wake, ambayo hayana mpaka hata kidogo, hayakumtisha hivyo. Sisi wa Kenya hatuhitaji kufundishwa sana hapo. Frere Town kule Mombasa, mahali palipoanzishwa na wamishenari wa CMS mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliookolewa, wangaliweza kumweleza jambo au mawili juu ya mamlaka yaharibuyo.

Lakini neno lake lilikuwa kweli kuliko yeye mwenyewe, na kilichotugusa ni kule kuelekezwa kwake. Halikuelekezwa kwa mtawala. Lilielekezwa kwa mwenye kalamu, mtu mwema, mchungaji, aliyetumia kipimo kimoja kwa mnyonge na kingine kwa mkubwa. Nathani hakufanya hivyo. Alimpimia Daudi kwa kipimo cha tajiri yule mwizi wa mwana-kondoo.

Tulipokuwa kasisi kijana, katika parishi moja ambayo hatutaitaja, mama mmoja mjane aliyeuza vitabu vya nyimbo alitumia fedha za mauzo kununulia mtoto dawa. Kamati ikamwita mwizi, akatengwa na Meza ya Bwana miezi sita. Mwaka ule ule fedha za mabati ya kanisa hazikuonekana. Zilikuwa mikononi mwa mzee mmoja mwenye gari na maduka, aliyekuwa akituletea wageni wa heshima siku za harambee. Tulizungumza saa tatu. Wengine walisema ana majukumu mengi, wengine wakasema tumpe muda. Hakutengwa.

Creighton, kwa sifa yake, aliichapa hakiki ya Acton katika jarida lake mwenyewe, ukali wake na yote.

Sisi ndio tulioshika kalamu jioni ile. Daftari la kumbukumbu lingali katika kabati la parishi ile. Tulilifungua tulipopita mwaka jana. Kwa habari ya mjane limeandikwa “wizi”. Kwa habari ya mzee, ukurasa wa nne mbele yake, limeandikwa “kuteleza kidogo”. Mwandiko ni wetu.