Je, Vita na Uhuru Viliandikwa Nyotani?

Kamati iliponiomba kipande cha historia kwa jarida la mwaka huu wa 2024, nilikusudia kuandika habari za wauguzi wa zamani. Nimeahirisha hayo kwa sababu ya jambo lililotokea nyumbani kwangu hapa Hallonbergen mwezi uliopita.

Mtakumbuka kwamba Novemba serikali ya Sweden ilianza kugawa kila nyumba kile kijitabu cha Om krisen eller kriget kommer, kinachoeleza la kufanya ikitokea dharura au vita. Wiki hiyohiyo binti yangu wa miaka 14 alikuja jikoni na simu mkononi. Mtu fulani humo alikuwa akieleza kwamba sayari ya Pluto imeingia buruji ya Ndoo, na kwamba mara ya mwisho ilipokaa huko, kati ya 1778 na 1798, Wafaransa walimkata mfalme wao kichwa na Ulaya ikawaka moto. Akaniuliza, "Mama, kwa hiyo vita vitakuja?" Nikagundua alikuwa na siku mbili hajalala vizuri.

Mimi ni muuguzi. Mtu aliyekosa usingizi kwa hofu simwambii "acha upuuzi." Tulichemsha chai, tukachukua daftari, tukaanza kuhesabu. Ninayoyaandika hapa ndiyo tuliyoyaona, pamoja na machache niliyoyaongeza.

Kwanza niseme kwamba kwetu Tanga nyota si jambo la kuchekwa. Mabaharia wa pwani walivuka bahari kwa nyota na kwa kujua kaskazi itavuma lini na kusi lini. Nyakati za swala, mwandamo wa mwezi wa Ramadhani na mwaka wa Nairuzi wanaousherehekea Makunduchi kwa Mwaka Kogwa, vyote vinahitaji hesabu. Hiyo ndiyo falaki, na ni elimu. Lakini pembeni yake palikaa ndugu yake, unajimu, ambaye huchukua hesabu zilezile akadai kujua nani atakufa na nani atatawala. Hao wawili wamekaa nyumba moja muda mrefu kiasi kwamba watu wengi hawawatofautishi. Katika karne ya 9 kule Baghdad, Abu Ma'shar aliandika kwamba Mshtarii na Zohali zikikutana, jambo linalotokea kila baada ya miaka 20 hivi, tawala hubadilika. Ibn Khaldun, aliyekuwa mwanahistoria hasa, alitenga sura nzima katika Muqaddima yake kuwapinga wanajimu. Kwa hiyo ubishi huu haukuanzia jikoni kwangu.

Babu yangu alikuwa na mwalimu wake wa nyota. Baba mdogo alipoitwa kwenda vita vya Kagera, mwalimu alichukua jina lake na jina la mama yake, akapiga hesabu, akasema asisafiri Jumatano ile kwani ni siku nuhusi. Lori la jeshi lilikuja Jumatano. Baba mdogo akapanda, akaenda hadi Uganda, akarudi na miguu yake miwili na redio. Jirani yetu aliondoka Ijumaa, siku njema kabisa, hakurudi. Bibi alikuwa akisimulia hayo bila kumlaumu mtu, lakini nilitambua kwamba baada ya hapo mwalimu hakuletewa tena mchele kutoka nyumbani kwetu. Na Mwalimu Nyerere, alipolihutubia taifa Novemba 1978, alitaja sababu, nia na uwezo. Nyota hakuitaja.

Sasa niwapeleke wodini kidogo, maana huko ndiko nilikojifunza kuhesabu. Wauguzi wa Sweden, kama wa Tanzania, wanaamini kwamba usiku wa mwezi mpevu mapokezi ya dharura hujaa. Nilipohitimu shahada yangu hapa na kuanza zamu za usiku, nami niliamini. Kisha mwaka mmoja nikaamua kuandika kila zamu: tarehe, mwezi, na kama tulipata nafasi ya kula. Mwezi mpevu haukuonyesha kitu. Usiku mbaya kuliko wote ulikuwa wa mwezi mwembamba kama ukucha. Kilichojitokeza waziwazi kilikuwa Ijumaa iliyo karibu na tarehe 25, na kila anayeishi nchi hii anajua tarehe 25 kunaingia nini benki na watu huenda wapi jioni yake. Tatizo ni kwamba usiku wa mwezi mpevu ukijaa tunakumbuka, ukitulia tunasahau. Wenyeji wetu nao wana yao. Mgonjwa mmoja mzee, sindano iliposhindwa kupata mshipa mara mbili, aliniambia kwa utulivu kuwa leo ni tychobrahedag. Hizo ni siku za kisirani wanazomsingizia Tycho Brahe, mtaalamu wa nyota wa karne ya 16 aliyefanya kazi kisiwani Ven, na wataalamu wanasema orodha ya siku hizo haikutoka kwake.

Basi tulichukua daftari hilohilo tukaenda na historia.

Hoja yenye nguvu kuliko zote tuliyoikuta ni ya 1914. Wanajimu husema Zohali na Pluto zikikutana, dunia hupata janga. Zilikutana Oktoba 1914, zikakutana tena Agosti 1947 India ilipogawanywa kwa damu, na tena tarehe 12 Januari 2020, korona ikiwa ndiyo kwanza inaanza kutajwa. Nakiri nilitulia kidogo. Mwaka 2020 nilikuwa wodini nimevaa barakoa, na mambo yale sikuyasoma gazetini.

Lakini mimi ni mtu wa Tanga, na 1914 kwetu ina sura yake. Tarehe 2 Novemba 1914 meli za Waingereza zilifika zimebeba takriban askari 8,000, wengi wao kutoka India, wakateremka upande wa Ras Kasone. Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck walikuwa na takriban 1,000, wengi wao askari Waafrika. Ilipofika tarehe 5 Waingereza walikuwa wameondoka, wameacha nyuma bunduki, bunduki za rashasha na risasi nyingi. Wazee wanavikumbuka kama vita vya nyuki, kwa sababu nyuki walitibuka mizingani wakawauma wa pande zote mbili bila kuuliza uraia. Kwa nini wengi walishindwa na wachache? Waingereza walituma manowari mbele kuwaambia Wajerumani kwamba mapatano ya kutoshambulia mji yamekwisha, ndipo wakaja. Hawakupeleleza nchi. Askari wao walikuwa wamechoka kwa safari ndefu ya bahari na wengi hawakuwa na mafunzo ya kutosha. Wakati huohuo reli ya Usambara ilikuwa inashusha askari kutoka Moshi. Hayo unaweza kuyaonyesha kwa kidole kwenye ramani.

Na mashtaka ya Pluto yana matatizo mawili. La kwanza, mizinga ilishalia Dar es Salaam tarehe 8 Agosti 1914, karibu miezi miwili kabla ya sayari hizo kukutana. La pili binti yangu alilipata mwenyewe: Pluto iligunduliwa Februari 1930, na Clyde Tombaugh huko Arizona. Jina lilipendekezwa na msichana wa miaka 11 wa Oxford, Venetia Burney. Mwaka 1914 hapakuwa na mnajimu duniani aliyejua kuwa Pluto ipo. Alibandikwa kesi baadaye, kama mtoto mchanga anayeambiwa alivunja chungu kabla hajazaliwa.

Binti akasema, labda hawakujua lakini ilikuwa kweli. Swali zuri, nalo linahitaji hesabu. Unajimu wa sasa unatumia jua, mwezi na sayari nane, yaani vitu kumi. Ukivipanga viwili viwili unapata jozi 45. Kila jozi ina siku za kukutana, za kutazamana ana kwa ana, na za kukaa pembe mraba pande zote mbili. Chukua Zohali na Pluto peke yake: katika miaka 33 hivi kuna alama nne. Ukiipa kila alama mwaka mmoja kabla na mmoja baada, umeshafunika miaka kama 12, zaidi ya theluthi, na hiyo ni jozi moja tu. Zikibaki 44, hakuna vita duniani vitakavyokosa sayari ya kusimama karibu yake. Mwaka wa amani nao una sayari zilezile, ila hakuna anayeuandikia.

Sasa 1961, mwaka wetu. Hapa Abu Ma'shar angefurahi. Mshtarii na Zohali zilikutana katika buruji ya Mbuzi tarehe 18 Februari 1961. Mwezi mmoja nyuma, Januari 17, Lumumba aliuawa Katanga. Agosti ukuta ukajengwa Berlin. Septemba 18 ndege ya Dag Hammarskjöld, Msweden aliyeongoza Umoja wa Mataifa, ilianguka karibu na Ndola akielekea kutafuta suluhu ya Kongo. Kaburi lake liko Uppsala, nendeni na watoto, ni safari fupi ya treni. Na Desemba 9 Tanganyika ikawa huru. Tulifungua programu ya kompyuta inayoonyesha anga ya siku zilizopita. Jioni ya tarehe 8 Desemba 1961 sayari hizo mbili bado zilikuwa jirani upande wa magharibi baada ya jua kutua, na mwezi ulikuwa ndiyo kwanza umezaliwa. Kwa hiyo saa sita usiku, taa za Uwanja wa Taifa zilipozimwa bendera ya Uingereza ishushwe, na Luteni Alexander Nyirenda akiwa Kilimanjaro na mwenge, juu hapakuwa na mbalamwezi.

Nilipenda kujua hilo. Lakini tukaendelea kuhesabu: mwaka 1960 nchi 17 za Afrika zilipata uhuru, Uganda ikapata 1962, Kenya 1963. Je, hao walipewa na nani? Halafu Februari 1962 jua, mwezi na sayari tano zinazoonekana kwa macho zilikusanyika zote katika Mbuzi, jua likapatwa, na wanajimu wa India wakatangaza mwisho wa dunia. Maelfu walikesha wakiomba. Dunia ikaendelea. Mwalimu alikuwa amejiuzulu uwaziri mkuu wiki mbili nyuma ili akaimarishe chama, Kawawa ameshika nafasi, na kazi ofisini ziliendelea.

Kinachonikera zaidi ni kile nyota zinachowanyang'anya watu. Januari 1958 TANU ilikutana Tabora kuamua kama iingie uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpigakura alilazimika kumchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Wengi waliona ni dharau. Walibishana sana, Nyerere akawashawishi, wakaingia na wakashinda. Wangeweza kuamua vinginevyo. Bibi Titi Mohamed alizunguka nchi akiwaingiza wanawake katika chama. Bibi yangu alikuwa na kadi, aliificha kwenye debe la unga. Sikubali mtoto wangu aambiwe ile kadi ilikuwa kazi ya Zohali.

Na utabiri hauishii kwenye mambo ya zamani. Wa rika langu tulikua tukimsikiliza Sheikh Yahya Hussein, mnajimu aliyejulikana kuliko wote Afrika Mashariki. Nyumbani kwetu hata waliosema hawamwamini walinyamaza akianza kusoma buruji zao. Kuelekea uchaguzi wa 2010 alitabiri kwamba atakayejitokeza kupambana na Rais Kikwete atakufa ghafla. Sikumbuki utani katika hilo. Maneno kama hayo yanaweza kumfanya mtu akae nyumbani asigombee, na hapo utabiri umegeuka kura. Dk. Willibrod Slaa aligombea, akashika nafasi ya pili. Sheikh Yahya alifariki Mei 2011, Mungu amrehemu. Dk. Slaa baadaye aliteuliwa kuwa balozi wetu hapa hapa Stockholm, na wapo kati yetu waliompa mkono.

Mwishoni tulirudi kwenye swali lenyewe, Pluto na Ndoo. Tuliandika vita vilivyotupata sisi: Majimaji 1905, Tanga 1914, Mapinduzi ya Zanzibar 1964, Kagera 1978, Rwanda 1994. Tukatafuta Pluto ilikuwa wapi. Mapacha, Kaa, Mashuke, Mizani, Nge. Hakuna hata kimoja kilichotokea ikiwa Ndoo. Binti aliangalia orodha muda mrefu, kisha akauliza kama maji tuliyonayo yanatosha siku saba, kama kijitabu kinavyoshauri. Hayakutosha. Kesho yake tulinunua madumu mawili.

Jambo moja bado analitaka, nami siwezi kumpa. Kompyuta inasema usiku ule wa Uhuru haukuwa na mbalamwezi, lakini haisemi watu waliokuwa uwanjani au mitaani waliona nini taa zilipozimwa. Wazee mliokuwepo, hata kama mlikuwa wadogo mgongoni kwa mama, siku ya sherehe tutakaa meza ya chai karibu na mlango. Daftari analo yeye.