Sigara ya mentholi: historia fupi (sehemu ya 4)

Mama, kabla hujasema "huyu hataki kuacha," soma hii.

Marekani, tangu miaka ya 1960, kampuni za sigara zilijaza matangazo ya sigara za mentholi kwenye mitaa na magazeti ya watu weusi. Mentholi inapoza koo, moshi unashuka bila kukwaruza, na kuacha kunakuwa kugumu zaidi. Mwaka 1990 R.J. Reynolds walitaka kuwauzia weusi wa Philadelphia sigara mpya, Uptown. Wananchi wakapinga, ikafutwa kabla ya kufika dukani. Sheria ya 2009 ikapiga marufuku sigara za ladha nyingine, mentholi ikaachwa.

Leo wavutaji weusi wa huko wanajaribu kuacha zaidi ya weupe, ila wanaofanikiwa ni wachache. Nia wanayo jamani!

Kwa hiyo baba watoto akirudia sigara, usimcheke. Mlete kliniki tumsaidie.