Mlima uliovunja shafti

Shafti ya nyuma ya Land Rover ikikatika haipigi kelele kubwa. Unasikia "tak!" moja kavu chini ya sakafu, injini inapaa kama iliyotuliwa mzigo, kisha gari linaanza kurudi nyuma taratibu. Waliokuwa wakipanda Uru au Kibosho, kwenye mlima Kilimanjaro, wakati wa masika, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanaujua mlio huo. Mimi niliusikia nikiwa mtoto, nimebanwa kati ya magunia ya unga na akina mama waliotoka sokoni Kiboriloni. Kabla dereva hajafungua kinywa, utingo alikwisharuka chini na gogo lake, akalisukumia nyuma ya gurudumu.

Dereva alilala kwenye tope, akafungua bolti za habu na kuchomoa fimbo ya chuma yenye urefu kama wa mkono wa mtu mzima. Ncha yake ya ndani ilikuwa imesokoteka kama muwa uliopita kwenye kinu. Aliitupa chini ya kiti, akatia forwili, akatuomba nusu yetu tushuke. Gari likapanda likivutwa na magurudumu ya mbele peke yake.

Lile lililomwezesha kufika ni ubunifu ambao abiria hakuuona. Katika ekseli ya aina ile, uzito wa gari hubebwa na nyumba ya ekseli pamoja na beringi za habu. Shafti kazi yake ni kuzungusha tu. Ikikatika, gurudumu linabaki mahali pake. Lakini kwa nini ikatike mara nyingi kiasi kile?

Land Rover ilioneshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Maurice Wilks wa kampuni ya Rover, aliyekuwa akitumia Jeep ya masalia ya vita shambani kwake, alitaka gari la mkulima: dogo, lenye inchi 80 kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma. Ekseli zake zililingana na kazi hiyo. Kisha gari likakua. Mwaka 1954 likaja refu la inchi 107, na baadaye likafika 109, ambalo Watanzania wengi wa umri wangu wakisikia neno Land Rover ndilo wanaloliona akilini. Mwili ulirefuka na mzigo ukaongezeka, ila ndani ya difu shafti ilibaki na meno yake 10, nyembamba kwa kazi iliyokuwa inaisubiri.

Kazi yenyewe ilikuwa huu mlima. Moshi mjini pako kama mita 800 juu ya usawa wa bahari, na vihamba vya juu, mashamba ya nyumbani ya Wachaga, vinakaribia mita 1,800. Njia ya kupita ni migongo iliyochongwa na mito kama Rau, Karanga na Weruweru. Kahawa ilishuka, kwanza kwa vichwa vya watu na punda, kisha kwa malori, hadi kwenye maghala ya KNCU, chama kikuu cha ushirika kilichoanzishwa mwaka 1933. Kushuka na mzigo ni shida ya breki. Ekseli ilipata shida yake kwenye safari ya kupanda na saruji, mabati na watu, hasa Desemba, kila Mchaga anaporudi nyumbani kwa Krismasi.

Hesabu yake nimeifanya mara nyingi. Katika Series III, toleo la baadaye la gari hilo, ukiwa gia ya kwanza na gia nzito ya kupandia, injini huzunguka zaidi ya mara 40 ili gurudumu lizunguke mara moja. Nguvu nayo huzidishwa kwa kiasi hicho, na yote inaishia kwenye zile fimbo. Kwenye tope gurudumu linateleza bure, halafu linakamata jiwe ghafla. Hapo ndipo chuma kinapokatika.

Waingereza walilitambua tatizo. Series III ilipotoka mwaka 1971, lile refu la inchi 109 lilipewa nyuma ekseli ya Salisbury, yenye undugu na Dana 60 iliyokuwa ikibeba pikapu na malori madogo ya Marekani. Unaitambua bila kuingia chini ya gari: simama nyuma, chuchumaa, utaona tumbo la duara lenye kifuniko cha bolti 10. Inakunywa karibu lita mbili na nusu za oili, mahali ambapo ile ya zamani ilitosheka na moja na robo tatu.

Basi kila mwenye gari la zamani akaitaka, wakati ambao kupata spea kulikuwa kugumu kuliko wakati wowote. Tangu mwaka 1976 Land Rover zilikuwa zikiunganishwa Thika, Kenya, umbali wa siku moja ya barabara kutoka Moshi. Februari 1977 mpaka ukafungwa, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Fedha za kigeni hazikuwepo. Holili, penye mpaka huo, iko jirani kabisa na Moshi, lakini katika miaka ile spea zilizokuwa ng'ambo ya pili zingeweza kuwa Ulaya.

Hiyo ndiyo miaka iliyowafanya mafundi wa Moshi kuwa mafundi. Gari la idara likianguka korongoni, kilichotafutwa kwanza kilikuwa difu. Kuihamisha hakukuwa kufungua na kufunga tu. Pua ya Salisbury ni ndefu, kwa hiyo propela ya zamani, fimbo inayopeleka nguvu kwenye ekseli, haiingii. Ilikatwa, ikachomelewa, ikanyooshwa kwa jicho na uzi. Anayechomelea vibaya hugundua kosa lake akifika mwendo wa kilomita 60, gari linapoanza kutetemeka lote.

Mwaka 1983 lilipokuja Land Rover One Ten, ukaja mtego mwingine. Difu zake zilikuwa na uwiano wa 3.54, wakati za Series ni 4.7. Ukichukua moyo wa difu ya One Ten ukauweka nyuma, na mbele ukaacha wa zamani, gari litakwenda vizuri tu barabarani. Siku utakayotia forwili, magurudumu ya mbele na ya nyuma yatagombana, kila upande ukitaka mwendo wake, mpaka kitu kikatike. Fundi mzuri alikuwa akihesabu kabla ya kufunga: anaweka alama ya chaki kwenye propela, anainua magurudumu yote mawili, anayazungusha pamoja mzunguko mmoja kamili na kuhesabu alama inapita mara ngapi. Kasoro kidogo mara tano: hiyo ni ya Series. Mara tatu na nusu: irudishe ulikoitoa. Sijui chuo kilichowafundisha hilo, na naamini linastahili kuandikwa kwenye historia ya mji huu pamoja na reli na kahawa.

Salisbury nayo ina gharama zake. Ni nzito, na lile tumbo hugonga mawe ambayo difu ndogo ilikuwa ikiyapita. Isitoshe, moyo wa ile ya zamani hutolewa na kupelekwa mezani, lakini Salisbury hutengenezwa fundi akiwa amelala chini ya gari. Ila kukatika shafti kukawa habari ya nadra.

Kisha Toyota ikaja na kuchukua nafasi. Hata asili yake ina mlima: mwaka 1951 gari lililokuja kuitwa Land Cruiser lilipandishwa hadi kituo cha sita cha mlima Fuji huko Japani, ili kuthibitisha uwezo wake. Zile za mfululizo wa 70, zilizoanza mwaka 1984, zilitoka kiwandani na ekseli imara ambayo wenye Land Rover walikuwa wameitafuta kwenye makorongo. Leo ukipita lango la Londorossi kuelekea uwanda wa Shira, kwenye njia ya magari inayokaribia mita 3,500, Land Cruiser ndizo utakazokutana nazo zaidi.

Zile ekseli nyembamba zilizotolewa hazikutupwa. Shuka tambarare, upande wa mashamba ya miwa ya TPC, uangalie chini ya mikokoteni ya punda inayobeba maji na mahindi. Mingi imefungiwa ekseli za magari ya zamani. Mmoja niliouona mwaka jana ulikuwa na habu za Land Rover, bolti zake zimechakaa kwa spana za miaka mingi, na ndani hamkuwa na shafti kabisa. Mwenye punda aliniambia beringi hajabadilisha tangu aununue. Huzipaka grisi kila Jumapili, akitoka kanisani.