Dawa za Mbao Zilikotoka, na Kwa Nini Zikae Mbali na Mboga Zako

Ndugu mkulima, kabla hujapaka chochote kwenye kasha la mbao la kupandia mchicha, jiulize: dawa hii ilitengenezwa kwa kazi gani? Historia ina jibu.

Pwani yetu, mabaharia walipaka majahazi sifa, yaani mafuta ya papa, na chini ya maji wakapaka mchanganyiko wa mafuta ya wanyama na chokaa. Wajenzi walitumia boriti za mikoko, na za Rufiji zilisafirishwa hadi Uarabuni. Waliwahi kwanza kuchagua mti mgumu, kisha wakaulinda.

Reli zilileta mahitaji mengine. Mwaka 1838, John Bethell wa Uingereza alipata hataza ya kushindilia ndani ya mbao kreosoti, mafuta yatokanayo na lami ya makaa ya mawe. Mataruma ya reli yalidumu, lakini kreosoti ina kemikali zinazoweza kusababisha saratani.

Mwaka 1933, nchini India, Sonti Kamesan alichanganya shaba, kromu na aseniki. Shaba huzuia kuvu, aseniki huzuia wadudu, kromu huzishikiza kwenye mbao. Hiyo ndiyo dawa inayozipa nguzo nyingi za umeme rangi ya kijani. Lakini haishikiki yote. Mvua huiosha kidogo kidogo, na aseniki huingia udongoni. Marekani, watengenezaji waliacha kuitumia kwa mbao nyingi za majumbani mwishoni mwa 2003.

Hapo ndipo jambo linapokuhusu. Kipande cha nguzo ni kigumu, hakiliwi na mchwa, na mara nyingi hupatikana kwa bei ndogo. Ukikifanya kasha, udongo wenye aseniki utashika kwenye karoti na majani ya mboga, kisha utafika mezani kwa watoto. Usikichome pia: moshi wake ni sumu, na aseniki hubaki kwenye majivu. Majivu hayo usiyanyunyize kwenye mboga kamwe.

Oili chafu ya gari nayo ilikuwa kazini kwenye injini. Imebeba metali na masizi. Isikaribie bustani ya chakula.

Fanya hivi:

- Chagua mbao isiyotiwa dawa. Mvule na mninga hudumu zaidi. Msindano bila dawa huoza mapema, lakini ni salama.
- Inua kasha juu ya mawe, lisiguse ardhi. Mchwa akijenga njia utamwona.
- Tandika nailoni safi ndani, utoboe matundu chini ili maji yatoke.
- Ukitaka kupaka, tumia nta ya nyuki au mafuta ya kitani yasiyoongezwa kemikali, kwa nje. Yaache yakauke kabisa kabla ya kujaza udongo.
- Usitumie mbao zenye rangi ya zamani. Huenda ina risasi.

Nawe mfanyabiashara wa mbao, tenga zenye dawa na zisizo na dawa, na umwambie mteja ukweli. Kasha likioza baada ya misimu michache, utanunua mbao nyingine. Afya ya mlaji haina duka.