Nani Alimwachia Mtoto Moto?

Juni iliyopita nilimpeleka binti yangu kwa bibi yake, kijijini kwetu, mwendo mfupi kutoka Katumba, wilaya ya Rungwe. Ana miaka minane. Asubuhi ya kwanza, baridi ile ya Tukuyu inayoingia mpaka kwenye mifupa, mama yangu akamwambia, "Mjukuu wangu, nenda kapike chai." Mtoto akanitazama mimi. Huko Dar es Salaam hajawahi kuwasha hata kiberiti; jiko la gesi kwetu ni la wakubwa. Nikamjibia, "Mama, huyu bado." Mama akacheka sana. "Bado nini? Wewe ulikuwa unapika chai hata meno ya mbele hayajaota."

Alitia chumvi kidogo, lakini si nyingi. Nilipika chai nikiwa mdogo, na wenzangu wote wa kijiji walipika. Nimekua nikiamini kwamba hiyo ndiyo mila yetu Wanyakyusa: mtoto anafundwa mapema, anazoea moto, basi. Safari hii niliporudi mjini nikaanza kuitilia shaka hiyo "mila".

Waliotuandikia kwa kirefu jinsi watoto wa Rungwe walivyolelewa ni Godfrey na Monica Wilson, mume na mke, wanaanthropolojia walioishi huku kati ya 1934 na 1938. Godfrey alifariki mwaka 1944, na Monica ndiye aliyetoa kitabu, Good Company, mwaka 1951. Kinahusu vijiji vya marika, jambo lililowashangaza wageni wengi. Mtoto wa kiume wa miaka sita hivi alichunga ng'ombe wa baba yake pamoja na wenzake. Akifika 10 au 11 aliwaachia wadogo zake mifugo, akashika jembe, na akahama kwenda kulala kwenye kijiji cha rika lake, vibanda walivyojijengea wenyewe. Miaka 10! Mimi wa kwangu nikimtuma dukani namsindikiza kwa macho mpaka kona.

Lakini kilichonigusa ni kwamba mtoto huyo aliyekuwa na kibanda chake hakujipikia. Kula alirudi kwa mama. Walikwenda kikundi, leo nyumbani kwa huyu, kesho kwa yule, kwa sababu kula na kuzungumza na wenzako, ukwangala, ndiyo ilikuwa raha ya maisha yenyewe. Jiko lilikuja na ndoa, na hapo kijana alikuwa ameshapita 20. Dada yake aliujua moto mapema zaidi, maana alibaki kando ya mama yake. Ila ulikuwa moto wenye mwenyewe. Mama alikuwepo, au mke mwenza wa mama, au shangazi.

Moto wenyewe ulikuwa na heshima yake. Mara moja katika kizazi, kila baada ya miaka 30 hivi, palifanyika ubusoka, sherehe ya baba kuwakabidhi vijana utawala wa nchi. Mioto ya zamani ilizimwa, ukapekechwa moto mpya kwa vijiti, na watu wakawasha majiko yao kutoka hapo. Waliokabidhiwa nchi pamoja na moto huo walikuwa wanaume wazima, wenye wake na watoto.

Na kinywaji cha moto kilikuwepo kabla ya chai. Kimpumu, pombe ya ulezi, hunywewa kwa mirija kutoka kwenye chungu huku ikiongezwa maji ya moto. Nimewaona wazee wakiinywa nikiwa mdogo. Aliyekuja na maji ya moto alikuwa mama mtu mzima, na kabla hajafika kwenye chungu alishatufukuza watoto wote kwa sauti ambayo mpaka leo naisikia.

Sisemi kwamba zamani watoto hawakuungua. Mafiga yalikuwa chini, watoto wanatambaa chini; waliungua, bila shaka. Ninachosema ni kwamba sijaona popote katika malezi hayo mtoto wa miaka saba au minane aliyeachwa peke yake na sufuria inayochemka saa 12 asubuhi. Huyo mtoto kaja baadaye. Kaja na chai.

Chai ilipandwa Kyimbila, jirani na Tukuyu, mwaka 1904, enzi za Wajerumani, wakati Tukuyu ikiitwa Neu-Langenburg. Kwa miongo mingi ilikuwa zao la mashamba ya Wazungu. Wenyeji walilima kahawa, na kule chini Kyela, ilipokuwa bado sehemu ya Rungwe, walilima mpunga. Baada ya uhuru serikali ilisukuma chai iende kwa mkulima mdogo. Mamlaka ya Chai ikaundwa mwaka 1968, na majina ya Katumba na Mwakaleli yakawa majina ya viwanda.

Sasa, anayejua kahawa na chai anajua kwamba haya ni mazao mawili yenye tabia tofauti kabisa. Kahawa ina msimu. Ukishaianika ikakauka, inakungoja. Hata ukiumwa wiki nzima utaikuta. Chai haingoji. Inachumwa mwaka mzima, maana mvua yetu inapita milimita 2,000 kwa mwaka na mche hauachi kuchipua. Unachuma majani mawili na chipukizi, unayapeleka kwenye banda la kupimia, na lazima yafike kiwandani siku ileile, vinginevyo yanaharibika ndani ya kikapu. Kwa hiyo mama anatoka alfajiri. Kila wiki, siku nyingi za wiki, miaka na miaka.

Na alfajiri hiyohiyo ndiyo saa ya chai nyingine, ile ya kunywa. Kiswahili chenyewe kinakubali: "umeshakunywa chai?" maana yake umeshakula asubuhi? Mtoto hawezi kwenda shule tumbo tupu na baridi ile. Basi mama yuko kwenye mche, mtoto yuko kwenye mafiga. Jani lilelile limewatenganisha. (Na wala siyo jani letu tulilokuwa tunakunywa. Majani mabichi tuliuza, ya pakiti tukanunua dukani.)

Chai ndiyo iliyomwingiza jikoni hata mtoto wa kiume. Ugali na ndizi vilibaki kazi ya dada. Lakini chai? "Hiyo si kupika, ni kuchemsha tu maji," walisema. Hapo ndipo tulipodanganyana.

Mwaka 1998 nilikuwa na miaka minane kamili. Nilijua kuchochea kuni za mlingoti, nilijua kipimo cha majani, nilijua tangawizi inapondwa vipi. Chai yangu ilisifiwa. Asubuhi moja niliepua sufuria kwa kitambaa, kama siku zote, na mdogo wangu wa miaka miwili, niliyeachiwa pia, akaja kwa nyuma akanikumbatia mguu. Yeye alikuwa anacheza. Sikuanguka. Niliyumba tu. Chai ikamwagikia begani kwake.

Tulimpaka dawa ya meno, kwa sababu ndivyo tulivyojua. Leo kila muuguzi atakwambia: maji safi ya baridi yanayotiririka, kwa dakika 20, na dawa ya meno iache kwenye mswaki. Watu wa milimani hupenda kusema kwamba maji yetu huchemka mapema, na ni kweli, Tukuyu iko juu karibu mita 1,600 na maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Haisaidii kitu. Maji ya nyuzi 60 tu yanachoma ngozi ndani ya sekunde chache, na ya mtoto ni nyembamba kuliko yako. Mdogo wangu sasa ni fundi umeme, mtu mzima, na bado havai fulana isiyo na mikono.

Kwa miaka mingi nilidhani kosa lilikuwa umri wangu. Sidhani tena. Peke yangu na ile sufuria, niliweza. Kilichonishinda ni sufuria na mtoto kwa wakati mmoja, na hilo lingemshinda hata mtu mzima mwenye haraka. Yule mchungaji wa ng'ombe wa miaka ya 1930 alipewa kazi moja na wenzake wa kusaidiana. Mimi nilipewa moto, mtoto, na saa ya shule. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema umri wa chini wa kuajiriwa ni miaka 14, lakini hakuna mkaguzi anayekuja kuangalia nani ameshika sufuria jikoni kwenu.

Haya yote nilimwambia mama, jioni, tukiota moto. Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mwanangu, mizani haikunisubiri." Sikuwa na jibu.

Kesho yake alimwita tena mjukuu wake. Safari hii alijaza sufuria maji ya baridi, nusu tu, akaiweka kwenye mafiga yasiyo na moto. "Epua." Mtoto akaepua, maji yakamwagika miguuni. "Tena." Ya tatu hayakumwagika. Siku ya nne ndipo moto ukawashwa, na bibi akakaa kwenye kigoda pembeni, mikono magotini, hajisogezi. Mlangoni alikuwa amenisimamisha mimi, kuzuia mtoto wa jirani asiingie.

Chai ilikuja na sukari nyingi mno. Tulikunywa yote.